Baiskeli za Katoni: Vipande Vikikataa, Fundi Asilipishwe



Leo tunataka kueleza juu ya kazi moja ambayo wengi huiona kuwa ndogo, lakini imekwisha kuvunja mifupa ya watu na kula malipo ya watu. Ni kazi ya kuunganisha baiskeli zinazokuja katika katoni.

Kila mkazi wa Nchelenge na Kashikishi anaijua. Uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Mwezi wa Machi ukikaribia, wachuuzi wote wanataka baiskeli, maana gunia la chisense halitoki ufukoni kwa miguu yake. Hapo wenye maduka huleta katoni nyingi kwa pamoja, na vijana huitwa barazani kwa pisiweki: unganisha moja, lipwa moja. Wengi wa vijana hao ni wenzetu waliovuka kutoka Kongo, watu wa Pweto, wa Kasenga, wa Kilwa ya ng'ambo, na baadhi yao wanakaa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Wao baiskeli huiita kinga, na Wabemba huiita incinga, kwa hiyo katika kazi hii hakuna anayehitaji mkalimani.

Shida huanza katoni inapofunguliwa. Kijana anatandika gunia, anapanga vipande, anaanza kazi, na vipande havikubaliani. Pedeli inaingia nusu kisha inagoma. Gurudumu linagusa foki upande mmoja. Mwenye duka anasimama mlangoni na kusema, "Mwenzako jana alimaliza tano, wewe unaniharibia mali." Jioni ikifika, anakata.

Tunalijua tukio moja. Mchuuzi alikuwa akiteremka mlima kutoka Kawambwa kwenda Mbereshi, amesimama juu ya pedeli, na mzigo uko nyuma. Mkono wa pedeli ukalegea, akaanguka, mfupa wa bega ukavunjika. Aliyetozwa ni fundi. Tulipoikagua ile baiskeli tuliona kwamba kota iliyobana mkono wa pedeli ilikuwa nyembamba, ikakazwa kwa kipande cha bati la kopo la maziwa. Fundi alieleza kwamba ndiyo kota iliyokuwamo katika katoni, kwamba aliomba nyingine, na kwamba aliambiwa afanye maarifa. Neno hilo "fanya maarifa" ndilo tunalotaka kulichambua hapa, maana kuna maarifa ambayo ni ufundi, na kuna maarifa ambayo ni hatari ya mtu mmoja kubebeshwa mtu mwingine.

Kwanza tuulize kwa nini baiskeli huja vipande vipande. Sababu ni fedha. Meli hulipwa kwa nafasi, na baiskeli iliyofunguliwa na kulazwa katika boksi huchukua nafasi ndogo kuliko iliyosimama na usukani wake. Tena nchi nyingi zimekuwa zikitoza ushuru mdogo kwa vipande kuliko kwa kitu kizima, ili kazi ya kuunganisha ifanyike nyumbani. Hilo si jambo baya. Zambia yenyewe ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha baiskeli mjini Chipata, na wenzetu wa Tanzania walikuwa na kiwanda cha baiskeli za Swala mjini Dar es Salaam. Lakini kazi ya namna hii ikifanywa kiwandani, huwa kuna meza yenye jiriwa, kuna vipimo, na kuna mkaguzi wa kukirudisha stoo kipande kibovu. Barazani kwa duka kuna gunia, spana mbili na nyundo. Kazi ya kiwanda imehamishiwa barazani, lakini vyombo vya kiwanda na mshahara wa kiwanda havikuhama pamoja nayo.

Sasa, kwa nini vipande vinakataa? Wengi hudhani baiskeli nzima hutengenezwa na mikono ya kampuni moja. Sivyo. Jina lililobandikwa kwenye fremu ni jina la muuzaji. Rimu inaweza kutoka kwa mtengenezaji mmoja, habu kwa mwingine, pedeli kwa wa tatu. Kila mmoja ana kipimo chake, na baadhi wanapima kwa inchi, wengine kwa milimita. Tuchukue hiyo hiyo kota. Kota ya kipimo cha Kiingereza ina unene wa milimita 9 na nusu. Kota ya kipimo cha nchi nyingine za Ulaya ina milimita 9. Tofauti ni nusu milimita, jicho haliioni, lakini mguu wa mpanda baiskeli utaiona baada ya siku chache. Ongeza hapo rangi iliyomwagikia ndani ya matundu, kutu ya safarini, na vyuma vya kukatia ambavyo vimechakaa lakini mwenye kiwanda hataki kuvibadilisha kwa sababu bado vinatoa bidhaa.

Mwanachama wetu mmoja alituletea mfano mzuri wa jambo hili. Alimnunulia mwanawe huko Lusaka boksi la ndege ya plastiki, ile ya kuunganisha mwenyewe kwa gundi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza imekuwa ikiuza ndege za namna hiyo tangu miaka ya 1950, na siku hizi watengenezaji ni wengi duniani. Ndege hii haikuwa na jina tunalolijua. Bawa la kulia halikukutana na kiwiliwili, nusu mbili za mwili ziliacha ufa wa kupitisha ukucha, na mtoto akalia akidhani amekosea. Hakukosea. Plastiki ile humiminwa ikiwa moto katika kalibu ya chuma yenye nusu mbili zinazobanwa kwa nguvu. Ikipoa, husinyaa. Ikitolewa kabla haijapoa sawasawa, kwa sababu mashine inaharakishwa, hujipinda. Na kalibu ikiwa imetumika miaka mingi, nusu zake hazifumbi vizuri tena, plastiki huchungulia pembeni na kuacha utando mwembamba kama ukoko wa ugali. Kwa hiyo kosa lilizaliwa kiwandani, likasafirishwa katika boksi lenye picha nzuri, likafunguliwa mezani kwa mtoto.

Tulikaa na mtoto yule tukaitengeneza ndege, na tulifurahi kuliko yeye. Tulikata utando kwa wembe. Tulijaribu kila kipande pasipo gundi kwanza, tukaweka alama kwa penseli mahali panapogusana kabla ya wakati wake, tukapasugua kwa msasa, tukajaribu tena. Ufa uliobaki tuliuziba kwa vipande vya ile fremu ya plastiki inayoshika viungo, tulivyovikatakata na kuviyeyusha katika gundi yake yenyewe mpaka vikawa uji. Ulipokauka tukasugua, tukapaka rangi. Leo ukiishika huwezi kuuona ufa.

Tumeisimulia ndege hii kwa sababu kanuni ya kujaribu pakavu kabla ya kufunga ni ile ile katika baiskeli. Lakini kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Ndege ile itaning'inia kwa uzi juu ya kitanda. Hakuna atakayeipanda. Ufa wake unaweza kuzibwa kwa uji na rangi, nayo ikawa ndege nzuri. Baiskeli itabeba mtu na gunia. Fundi anayeziba ufa wa baiskeli kwa namna ya kuziba ufa wa ndege ameuficha tu, na mpandaji hataujua mpaka awe njiani.

Basi kazi ifanyweje? Fungua katoni na uhesabu kila kitu kabla ya kushika spana. Hesabu matundu ya rimu na matundu ya habu. Baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, nyingine zina 36 kwa 36. Ukikuta rimu ya 36 na habu ya 40, acha hapo hapo. Hakuna ujanja utakaoliokoa gurudumu hilo, na kila saa utakayolitumia ni saa uliyomzawadia mwenye duka.

Pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuigeuza kinyume cha kawaida, na ya kulia kwa kawaida. Katika bomba la chini la fremu, kwa mtindo wa Kiingereza, mambo yamegeuka: bakuli la kulia ndilo lenye hesi za kinyume. Vijana wengi wanaoanza huharibu hesi kwa kulazimisha pedeli ya kulia upande wa kushoto, na hilo ni kosa la kutofundishwa. Ikiwa upande ni sahihi na pedeli bado inagoma, huenda ni rangi. Isafishe hesi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ingiza kwa vidole mizunguko miwili au mitatu, toa, futa, ingiza tena. Vidole vikishindwa kuianzisha, spana haitaianzisha, itatafuna tu.

Gololi nazo zihesabiwe. Bomba la chini hubeba gololi 11 kila upande, za robo inchi. Habu ya nyuma hubeba 9 kila upande, za ukubwa huo huo. Habu ya mbele hubeba 10 kila upande, ndogo zaidi. Pakiti ikiwa na pungufu, usigawanye zilizopo ukapunguza kila upande. Na grisi, ndugu, katoni nyingi huja na grisi kama ya kupaka midomo. Mwenye duka anunue kopo la grisi.

Sasa tuje kwenye kota, ambayo tutakaa nayo kidogo. Kota ni pini fupi ya chuma yenye upande mmoja ulioinama kama kabari. Hupita katika tundu la mkono wa pedeli na kubana kwenye sehemu bapa ya ekseli. Kazi yote ya mguu hupita hapo. Kota ikikaa vizuri, uso wake wote ulioinama hugusa ubapa wa ekseli. Ikikaa vibaya, hugusa kwa ncha tu, na ncha hiyo husagika siku kwa siku.

Utajuaje inagusa wapi? Washa koroboi, pitisha uso wa kota juu ya moshi mpaka upate masizi meusi. Ingiza kota, gonga kidogo, itoe. Palipong'aa ndipo palipogusa. Piga tupa hapo, polepole, ukiishika tupa sawa ili usiuzungushe uso, kisha rudia masizi. Fanya hivyo mpaka mng'aro uenee karibu uso wote. Halafu fanya kota ya pili, nayo ielekee upande ulio kinyume na ya kwanza, la sivyo mikono miwili ya pedeli haitakuwa mstari mmoja na mpandaji atachechemea akiwa juu ya baiskeli. Kazi hii kwa kota mbili ngumu huweza kula saa nzima. Atakayekuambia ni ya dakika tano hajawahi kuifanya.

Wakati wa kugongea, egemeza mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba nene au chuma kizito kilichosimama ardhini. Ukigonga pasipo egemeo, nguvu ya nyundo hupita katika gololi na kuchimba vishimo ndani ya bakuli, na baiskeli mpya itaanza kukwaruza. Nati iliyo mwisho wa kota ni ya kuishikilia tu, haikuwekwa kwa ajili ya kuivuta. Anayevuta kota kwa nati huikata shingo.

Na kota ikiwa nyembamba kuliko tundu? Hapo hakuna tupa, hakuna masizi. Chuma kilichopungua hakiongezwi kwa bati. Kota hiyo irudishwe na itafutwe nyingine. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika katoni, na ndicho kilichomvunja mtu bega.

Tunajua mtu atasema, lakini bati la kopo tunalitumia siku zote. Kweli, na kuna mahali pa kulitumia. Nguzo ya kiti ikiwa nyembamba kidogo katika bomba lake, bati lililozungushwa vizuri litaishika, na likilegea mpandaji atashuka kidogo na kutukana. Madigadi yasiyofika, keria yenye tundu lililokaa pembeni, hayo yote yatengenezwe kwa maarifa, toboa, pinda, weka washa. Lakini nguzo ya usukani ikicheza katika bomba la foki, bati ni marufuku. Foki iliyopinda katika safari isinyooshwe kwa kubinywa kati ya miti miwili. Fimbo za breki zikiwa fupi mpaka mpira haufiki rimu sawasawa, baiskeli isitoke dukani. Kiti kikizunguka mtu hukasirika; usukani ukizunguka mtu hufa.

Tumeeleza ufundi kwa kirefu, na sasa tuseme juu ya malipo, maana mambo haya mawili hayaachani.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba malipo ni kwacha 40 kwa baiskeli moja. Katoni zikiwa nzuri, fundi hodari anamaliza tano kwa siku, anapata kwacha 200. Katoni zikiwa mbaya, zenye kota za kupigwa tupa na hesi zilizojaa rangi, atamaliza mbili, anapata kwacha 80. Amefanya kazi ngumu zaidi, ametumia ujuzi zaidi, amepata chini ya nusu. Zile kwacha 120 zimekwenda wapi? Mwenye duka alinunua mali ya bei nafuu, na unafuu huo umelipwa na fundi kwa jasho lake. Tena pisiweki ya namna hii humfundisha fundi kuficha. Akipiga tupa kwa saa nzima halipwi, akiweka bati kwa dakika tano analipwa. Atakayeshangaa kwamba bati limewekwa amesahau kufanya hesabu.

Ndiyo sababu tawi letu linawataka wanachama wasikubali bei moja ya jumla. Pawe na bei ya baiskeli ambayo vipande vyake vinakubaliana, na pawe na malipo ya saa kwa kila kazi ya kurekebisha. Katoni ifunguliwe mbele ya mwenye duka au mtu wake. Kasoro ziandikwe katika daftari, hata kwa maneno machache: kota nyembamba, gololi pungufu, rimu 36 habu 40. Fundi na mwenye duka watie sahihi au dole gumba. Daftari hili si adui wa mwenye duka. Wako wawili katika Kashikishi walioanza kulitumia, na wamelipeleka kwa muuzaji wao wa jumla kudai vipande vingine. Bila maandishi, huyo wa jumla angewaambia kwamba mafundi wao ndio walioharibu, yaani maneno yale yale wanayotuambia sisi.

Juu ya kukata mshahara, ndugu, jueni haya. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 95 wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8, unasema makato ya mshahara yaruhusiwe kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Hapa Zambia tuna sheria ya ajira ya mwaka 2019, nayo inaweka mipaka juu ya makato. Hasira ya mwenye duka jioni haimo katika orodha hiyo. Ukikatwa, andika siku, kiasi, na sababu uliyoambiwa, ulete tawini, nasi tutakwenda nawe kwa Afisa wa Kazi. Wenzetu wa kutoka Kongo mara nyingi hunyamaza wakiogopa kuulizwa karatasi. Njooni kwanza kwetu tuzungumze taratibu kwa Kiswahili, tuone karatasi zikoje, kabla ya mtu yeyote kwenda ofisini.

Limebaki jambo moja la kazi. Kota, hata ikikaa vizuri namna gani, hulala zaidi baada ya kupandwa. Kwa hiyo kila baiskeli mpya inapaswa kurudi baada ya wiki mbili kugongwa kota na kukazwa nati, na spoki kuguswa moja moja. Katika maduka mengi kazi hiyo hufanywa bure na fundi yule yule, kana kwamba ni adhabu. Iandikwe katika daftari tangu mwanzo kuwa ni kazi inayolipwa, na mnunuzi aambiwe tarehe ya kurudi kabla hajalipa fedha yake na kufunga gunia kwenye keria.